Kujitegemea Katika Zama za Kompyuta

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Nkuhungu, Dodoma)

Kamati ya Maandalizi iliponiandikia ilinitaka niseme neno juu ya kazi za Serikali, neno ambalo litawafaa wazee tulioketi hapa mbele na pia vijana wa kidato cha tatu na cha nne waliosimama kule nyuma. Nimechagua kuzungumza juu ya kompyuta. Najua wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la mafundi. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba sivyo. Ni jambo la utawala, ni jambo la fedha, na zaidi ya yote ni jambo la uhuru. Mwishoni nitaleta hoja mbele ya mkutano huu, kwa sababu ajenda namba tano inahusu chumba cha kompyuta cha shule yetu, na nisingependa tuipitishe kwa kupiga makofi tu kabla ya kufikiri.

Naomba nianzie mbali kidogo, huko Ulaya.

Kaskazini ya Ujerumani, mpakani na Denmark, kuna jimbo liitwalo Schleswig-Holstein. Aprili 2024 serikali ya jimbo hilo ilitangaza kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zitaacha programu za ofisi za kampuni ya Microsoft ya Marekani, na badala yake zitatumia LibreOffice, ambayo ni programu huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine, bila kuomba ruhusa na bila kulipa ada ya leseni. Oktoba 2025 jimbo lile lilimaliza kuhamisha masanduku ya barua pepe zaidi ya 40,000 kutoka katika mitambo ya Microsoft.

Hawako peke yao. Juni 2025 Wizara ya mambo ya kidijiti ya Denmark ilitangaza kufuata njia hiyo hiyo. Mwezi huo huo mji wa Lyon, Ufaransa, nao ulitangaza hivyo. Jeshi la Austria lilifanya hivyo mwaka huo huo kwa kompyuta zipatazo 16,000. Na askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walikwisha kuanza zamani, maana tangu 2008 wamekuwa wakihamia katika mfumo huria wa Linux kwa makumi elfu ya mashine.

Sasa, ndugu zangu, tujiulize. Nchi hizi ni marafiki wa Marekani. Wako pamoja naye katika biashara, na wengi wao wako naye katika mkataba wa ulinzi. Fedha wanazo, na leseni wanaweza kuzilipa. Kwa nini basi wahangaike? Sababu ziko tatu.

Sababu ya kwanza ni sheria. Mwaka 2018 Marekani ilitunga sheria iitwayo CLOUD Act. Kwa sheria hiyo kampuni ya Kimarekani inaweza kuamriwa kutoa taarifa ilizohifadhi, hata kama mtambo wenyewe uko Paris au Frankfurt. Juni 2025 Baraza la Seneti la Ufaransa lilimwita afisa wa Microsoft nchini humo na kumwuliza, kwa kiapo, kama angeweza kuhakikisha kwamba taarifa za raia wa Ufaransa kamwe hazitakabidhiwa kwa serikali ya Marekani bila ridhaa ya Ufaransa. Alijibu kwamba hawezi kuhakikisha hivyo. Mimi simlaumu. Alisema kweli. Kampuni hutii sheria za kwao, kama sisi tunavyotii za kwetu.

Sababu ya pili ni ufunguo. Februari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague. Mei mwaka huo vyombo vya habari viliripoti kwamba Mwendesha Mashtaka huyo alikuwa amepoteza barua pepe yake ya Microsoft. Kampuni ilikanusha kuwa iliisimamishia Mahakama huduma zake. Lakini Ulaya nzima ilielewa somo, nayo Mahakama yenyewe baadaye mwaka huo ikaamua kuhamia katika programu huria iliyotengenezwa Ujerumani. Kama mahakama ya dunia inaweza kulala na wasiwasi kama kesho itafungua barua zake, basi hakuna aliye salama kwa sababu tu ya ukubwa wake.

Sababu ya tatu ni fedha. Anayepanga nyumba maisha yake yote hulipa kodi ambayo hupandishwa na mwenye nyumba, wala si na mpangaji. Jimbo la Schleswig-Holstein lilieleza kwamba kwa mwaka 2026 peke yake lingeokoa zaidi ya Euro milioni 15 za leseni, na kwamba gharama ya kuhama mwaka huo ingekuwa Euro milioni 9.

Ndugu Mwenyekiti, wapo hapa ambao wanasema moyoni, "Hayo ni mambo ya matajiri, sisi tuna madawati ya kununua." Nataka niwakumbushe kwamba njia hii sisi tumekwisha kuipita, na mara nyingine tumewatangulia.

Tuanze na mitihani, maana sisi sote tulio hapa tumepimwa kwa mitihani. Wazee wenu waliosoma sekondari katika miaka ya mwanzo ya Uhuru walifanya mtihani uliosimamiwa na Cambridge, Uingereza. Maswali yalitoka ng'ambo, majibu yakaenda ng'ambo, na cheti kikaja kutoka ng'ambo. Mwaka 1968 kazi hiyo ikaingia katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa, na mwaka 1973 Baraza letu la Mitihani likaanzishwa kwa Sheria Namba 21. Bila shaka walikuwapo waliosema kwamba cheti cha nyumbani hakitathaminiwa. Leo hakuna mtoto katika shule hii ambaye anaona ajabu kwamba mtihani wake umetungwa na Mtanzania.

Somo la pili tulilipata 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Reli, ndege, bandari, posta na simu, vyote vilikuwa ni huduma za pamoja, na makao makuu ya baadhi yake yalikuwa Nairobi. Kwa muda mfupi tukalazimika kuunda Shirika letu la Reli na Shirika letu la Ndege. Wengi walioshika kazi zile wakati huo walijifunza jambo moja: siku ya ugomvi, chombo kinabaki pale kilipo, na mtu hatasubiri ujiandae kwanza.

Na katika kompyuta zenyewe tunayo historia. Kompyuta ya kwanza nchini ililetwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuingiza hesabu za Serikali katika mashine ile ilileta taabu kubwa. Wataalam wa kwetu walikuwa wachache mno, na mashine na vipuri vyake vyote viliagizwa kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa haba. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye marufuku hiyo ikalegezwa pole pole. Naomba vijana mwelewe vema. Wale waliokataa mashine mwaka 1974 hawakuwa wajinga. Waliona hatari ya kweli. Lakini dawa waliyoitumia ilifunga mlango, na mlango ukifungwa hata mwanafunzi hawezi kuingia kujifunza. Hivyo siku tulipoufungua tena tulikuwa bado hatuna mafundi wa kutosha, tukalazimika kununua kila kitu kikiwa kimekwisha pikwa.

Ndivyo tulivyofanya. Kuanzia 1998 hesabu za Serikali ziliingia katika mfumo mmoja wa fedha ulioendeshwa kwa programu ya Kimarekani, iliyojulikana kwanza kwa jina la Platinum na baadaye Epicor. Mishahara na kumbukumbu za watumishi nazo zilikuwa katika programu nyingine ya Kimarekani, Lawson. Ununuzi wa umma ulipoingia katika mtandao, mfumo wake wa kwanza, TANePS, ulitengenezwa na kampuni ya Ulaya. Kwa hiyo kwa miaka mingi karani wa Halmashauri aliyekuwa akilipa posho ya mganga wa zahanati ya kijijini alifanya hivyo kupitia maandishi ya ndani ambayo hakuna Mtanzania aliyekuwa na haki ya kuyafungua.

Mifumo ile ilitusaidia. Ilifuta madaftari mengi yaliyokuwa yakipotea. Lakini sharti zake tulizihisi. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, leseni ya programu fulani ya kigeni iliisha muda wake katika wiki ya kufunga mwaka wa fedha. Takwimu zilikuwa zetu. Makarani walikuwa wetu. Mashine tulikwisha kuzilipia. Lakini kila tulipobonyeza, mlango ulikataa. Tulikaa siku nne tukisubiri jibu kutoka nchi ambayo wakati sisi tunaingia kazini wao wamelala. Wakandarasi walijaa barazani wakidai haki yao, nasi hatukuwa na la kuwaambia ila "mtandao". Neno hilo "mtandao" tumelitumia mno kuwafukuza wananchi, na mara nyingi maana yake ni kwamba ufunguo hatuna sisi.

Sasa tazameni yaliyotokea. Tangu 2017 Serikali hukusanya malipo yake kwa lango la malipo lililojengwa na wataalam wa kwetu, lile linalotoa namba ambayo watu mtaani huiita "kontroo namba". Baadaye ukajengwa Mfumo wa Ulipaji Serikalini, kwa kifupi MUSE, nao ukachukua nafasi ya Epicor hatua kwa hatua, kwanza katika wizara na kisha katika halmashauri. Mwaka 2021 mfumo mpya wa taarifa za watumishi na mishahara, uliojengwa na wataalam wa ndani, ukachukua nafasi ya Lawson. Julai 2023 mfumo wa ununuzi uitwao NeST, nao wa nyumbani, ukaanza kuchukua nafasi ya ule wa kigeni. Na Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10 ya mwaka 2019, iliunda Mamlaka kamili ya kusimamia mambo hayo, yenye makao yake hapa hapa Dodoma.

Angalieni tarehe hizo. Schleswig-Holstein walitangaza 2024. Sisi tulikuwa tumekwisha kuanza. Sisemi hivi ili tujivune. Kuhamisha programu za kuandikia barua ni kazi ya namna moja, na kujenga mfumo wa malipo ni kazi ya namna nyingine. Nasema ili mwanafunzi aliyesimama kule nyuma asidhani kwamba kujitegemea ni jambo la kuiga kutoka kwa Wajerumani.

Hata hivyo, ndugu zangu, mtu anayesifia shamba lake bila kutaja magugu huyo si mkulima. Naomba nitaje magugu manne.

La kwanza: kitu cha nyumbani hakiwi chema kwa kuwa ni cha nyumbani tu. Mfumo wa kwetu ukisimama mwisho wa mwezi, mwalimu wa kijijini haponi njaa kwa kuambiwa kwamba mfumo uliosimama ni wa Kitanzania. Kujitegemea kunatupa haki ya kurekebisha. Hakutuondolei kazi ya kurekebisha.

La pili: mfumo hukaa katika vichwa vya watu. Vijana waliojenga mifumo hii ni wachache, na kampuni za simu, benki na nchi za nje zinawataka. Kijana akiondoka na ujuzi wake bila kuandika alichofanya, basi tumebadilisha bwana tu. Jana ufunguo ulikuwa Marekani, leo uko katika mfuko wa kijana mmoja ambaye kesho yuko Dubai. Kila mfumo lazima uwe na kitabu chake kilichoandikwa vizuri, na kila fundi awe na wanafunzi wake, kama fundi seremala wa zamani.

La tatu: chini ya mfumo wetu bado kuna vitu vya watu. Mashine zenyewe hatuzitengenezi. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009, ulijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa China. Intaneti yetu ya nje hupita katika nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika katika bahari upande wa kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Watu waliokuwa na barua zao, picha zao na hesabu zao katika mitambo ya ng'ambo walizitazama kwa mbali tu. Hatuwezi kuvijenga vyote wenyewe, na si lazima. Inatupasa kujua kipi ni cha nani, na siku kikikatika tutafanyaje.

La nne ni zito, nami nalisema kwa uangalifu wa mtumishi wa umma. Uko uhuru wa Serikali na uko uhuru wa mwananchi. Taarifa za mwananchi zikiondoka katika mtambo wa mgeni na kuingia katika mtambo wa nyumbani, Serikali imepata uhuru. Mwananchi naye atakuwa ameupata pale tu atakapojua kwamba hakuna afisa anayeweza kufungua jalada lake kwa udadisi au kwa chuki. Ndiyo maana nathamini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Sheria hiyo lazima itubane sisi wenye mitambo kabla ya kumbana mtu mwingine yeyote.

Na isidhaniwe kwamba wenzetu wa Ulaya wamefaulu kila mara. Mji wa Munich uliamua tangu 2003 kuhamia Linux. Mkubwa wa Microsoft wakati huo, Steve Ballmer, alikwenda mwenyewe kumshawishi Meya, asifaulu. Kufikia 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Lakini uongozi ulibadilika, watumishi walilalamika kwamba nyaraka kutoka nje hazifunguki sawasawa, na mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Kazi ya mafundi ilikuwa imekamilika. Kilichokwisha ni utashi. Jambo la namna hii halidumu kwa kutangazwa na kiongozi mmoja. Linadumu pale ambapo karani wa kawaida amefundishwa, amesikilizwa, na ameona faida yake.

Sisi pia tuna Munich yetu ndogo. Mwaka 2004 wataalam wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya ofisi katika Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa huria na ya bure. Ilikuwa katika lugha ya taifa. Sasa naomba aliyewahi kuitumia katika ukumbi huu anyooshe mkono.

Nashukuru. Naona mikono miwili, nayo ni ya walimu.

Kazi nzuri ilifanyika, lakini shule hazikuipokea na ofisi hazikuidai. Tulisubiri mtu mwingine aanze.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naja kwenye hoja yangu, na kwa ruhusa yako nitatumia mfano wa nyumbani. Wazee wa Kigogo wana desturi ya kuweka baadhi ya ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wa mbali. Ukame ukiingia upande huu, au ugonjwa ukazuka upande ule, mali yote haiishi kwa siku moja. Anayewekewa hukamua maziwa, na urafiki unakua. Lakini mwenye ng'ombe anamjua kila mmoja kwa rangi na kwa baka. Anajua yuko kwa nani. Na siku akimhitaji, kwa mahari au kwa msiba, anakwenda kumchukua. Huo ndio ushirikiano wa watu huru. Asiyejua ng'ombe wake wako wangapi, wala wako zizi gani, wala kama atapewa akiwadai, huyo hajaweka ng'ombe; huyo amewapoteza. Mitambo ya ng'ombe na mitambo ya kompyuta haifanani, lakini maswali ni yale yale matatu: ni wangapi, wako wapi, na je, naweza kuwachukua?

Tukiwa na maswali hayo, tutazame chumba cha kompyuta cha shule yetu. Sisi tuliomaliza mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuta taipureta ofisini kwa Mkuu wa Shule, basi. Wadogo zetu wana kompyuta, nyingi zikiwa za msaada na za umri mkubwa. Zote zinatumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya kuitengeneza Windows hiyo, na ile mpya inadai mashine ya kisasa zaidi kuliko hizi. Kwa hiyo pendekezo lililo mbele yetu linasema tuchange fedha, tununue mashine mpya chache pamoja na leseni zake, na hizi za zamani ziuzwe kama chuma chakavu.

Mimi napendekeza vingine, katika mambo matatu.

Kwanza, mashine za zamani ambazo bado ni nzima ziwekewe Linux na LibreOffice. Mifumo hiyo inakwenda vizuri katika mashine dogo na kongwe, wala haina leseni ya kulipia. Hapo kila mwanafunzi atapata kiti chake mbele ya mashine, badala ya watano kumzunguka mmoja anayebonyeza. Vile vile tutaacha aibu ya nakala za wizi. Tunajua sote kwamba shuleni na maofisini hutumika nakala ambazo hazikununuliwa. Mwalimu anayefundisha uraia saa mbili, na saa nne akafundisha kompyuta kwa programu iliyoibwa, wanafunzi wanamwona.

Pili, fedha ambazo zingekwenda kwenye leseni ziende kwa walimu. Tuwapeleke walimu wawili wakasome vizuri mfumo huo. Wawili, wala si mmoja, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko karibu yetu, kina ndaki ya kompyuta na kina vijana. Tuwaalike waje hapa Nkuhungu siku za Jumamosi. Mwanafunzi wetu afunguliwe maandishi ya ndani ya programu ayaone kwa macho yake, aone kwamba hata hiyo iliandikwa na mtu kama yeye. Programu iliyofungwa humfundisha mtoto kubonyeza. Iliyo wazi humfundisha kuuliza ndani kuna nini.

Tatu, chama chetu chenyewe. Majina yetu, michango yetu na kumbukumbu za mikutano yetu ziko katika kikundi cha simu cha kampuni ya Kimarekani na katika sanduku la barua pepe la kampuni nyingine ya huko huko. Sisemi tutoke. Huko ndiko tunakopata maziwa. Nasema Katibu awe na orodha yetu katika faili lake, katika mtindo ambao programu yoyote inaweza kuufungua, na kila Desemba nakala moja ichapwe na kuwekwa katika kabati ya shule. Ng'ombe wetu tuwajue kwa rangi.

Nimekwisha kusikia pingamizi moja kutoka kwa ndugu yangu mmoja hapa, nami nalitaja kwa kuwa ni la maana. Anasema mtoto akihitimu atakuta Microsoft ofisini, hivyo tutamnyima ajira. Jibu langu ni kwamba ofisini atakayoingia huenda asikute Microsoft tunayoijua leo, maana kila baada ya miaka michache hubadilishwa. Aliyejifunza kupanga hesabu katika jedwali ataipanga katika jedwali la kampuni yoyote, kama aliyejifunza kuandika kwa kalamu moja asivyoshindwa na kalamu nyingine. Na zaidi ya hapo, Serikali inayoajiri leo imejenga mifumo yake yenyewe, nayo inatafuta vijana wa kuiendeleza. Vijana hao watatoka wapi kama si katika shule kama hii?

Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Hawakusema tusiwe na ndugu. Walisema tuwe na chetu kwanza, ili tukimtembelea ndugu tuende na mkono wenye kitu.

Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu ni hiyo, nami naomba ipigiwe kura pamoja na ile iliyotangulia. Mkichagua ile nyingine sitanuna, na mchango wangu nitautoa. Ila naomba tuchague tukijua kwamba hatununui mashine tu. Tunaamua mtoto wa Nkuhungu atakuwa mpangaji au mwenye nyumba.